Muulize Fundi: Mkanda wa plota umemeguka, niiuze skrepa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nina duka la stesheneri Changanyikeni, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na vijana wanaochora ramani za nyumba. Nina plota (mashine ya kuchapa ramani kwenye karatasi pana) HP DesignJet 500, ile ya inchi 42, niliichukua mtumba na imenilisha miaka. Juzi kati nikiwa naprinti kazi ya mteja ikaanza kukwaruza, alafu keriji, ile boksi inayokimbia kushoto na kulia ikichapa, ikasimama katikati ya karatasi, kwenye skrini ikaandika 86:01. Nikazima nikawasha, yaleyale. Nimefungua kioo nakuta vipande vya mpira vimetapakaa ndani na mkanda umebaki nyuzi. Fundi wa kwanza kaniambia hizi mashine zimepitwa na wakati niuze skrepa ninunue mpya. Wa pili kasema ana mkanda aliotoa kwenye plota iliyokufa ataniwekea kwa bei rahisi. Nimsikilize nani? Na je mkanda ukibadilishwa vipimo vya ramani havitayumba? Maana watu wanapeleka halmashauri kuombea kibali, sitaki kumharibia mtu kazi yake. (Msomaji, Changanyikeni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na hiyo mashine usiiuze skrepa. Kilichokufa hapo ni mkanda wa keriji basi, na mkanda wa keriji ni spea ya kuchakaa, mashine ikifika umri huo inabidi ubadilishwe kama vile hedi (vile vichwa vinavyotoa wino) na wino zinavyobadilishwa, na mpaka leo unapatikana. Mtu anayekwambia utupe plota nzima inayochapa vizuri kwa sababu ya mkanda anakupotezea mali, na mashine ya upana huo ukienda kununua mpya utajua kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na hiyo namba. Kwenye DesignJet 500 na ndugu yake 800, namba zinazoanza na 86 zinahusu mwendo wa keriji, ile boksi inayobeba hedi kwenda kushoto na kulia, na zinazoanza na 85 zinahusu mwendo wa karatasi. Kwa hiyo mashine ilituma mota izunguke, keriji haikufika ilikotakiwa kufika, ikajizima yenyewe ili isiumie. Namba peke yake haitoshi kuhukumu mkanda maana hata kipande cha karatasi kilichokwama au reli iliyojaa uchafu itatoa 86 hiyohiyo, na ndo maana kuna watu wamenunua mkanda wakabadilisha na namba ikarudi palepale. Wewe umeona mpira umedondoka na nyuzi zimebaki, hapo hakuna ubishi.

Sasa huyu fundi wa pili. Yeye anaweza kuwa ana nia nzuri kabisa ila mkataze. Huo mkanda haufi kwa sababu umekimbia sana, unakufa kwa umri. Umetengenezwa kwa poliyurethini, aina ya plastiki laini kama mpira, na adui wa poliyurethini ni unyevu wa hewani, unaingia polepole unavunja vile viungo vinavyoshika mpira pamoja, joto likiongezeka kazi inaenda haraka zaidi, na sisi hapa Dar tuna joto na tuna unyevu wa bahari mwaka mzima. Unaanza kuwa laini, unanata, mwisho unameguka unabaki nyuzi za ndani tu. Ni kitu kilekile kinachotokea kwenye viatu vya sherehe ulivyoviweka kabatini miaka hujavigusa, siku unavitoa vizuri kabisa kwa macho, hujafika hata kanisani soli inaachia vipande vipande. Hujavivaa, lakini vimeoza. Sasa mkanda uliotoka kwenye plota iliyokufa una umri sawa na huu wako uliokatika au unauzidi, hata kama mashine ile ilichapa kidogo sana. Utaulipia, utalipia ufundi, utakaa nao muda mfupi alafu unarudi hapohapo tena labda katikati ya msimu wa wanafunzi kuwasilisha kazi zao. Nunua mpya.

Na ukinunua usitaje jina la mashine tu, taja namba. Geuza mashine nyuma angalia kibandiko, DesignJet 500 ya inchi 42 inaanza na C7770 na ya inchi 24 inaanza na C7769. Kwa ya kwako mkanda ni C7770-60014, wale wenye ya inchi 24 wa kwao ni C7769-60182, na mikanda hiyohiyo inaingia kwenye 800 za upana uleule. Hiyo namba iandike kwenye karatasi au mtumie muuzaji kwa simu, maana ukienda Kariakoo ukasema nataka mkanda wa plota utapewa wowote uliopo dukani na wa inchi 24 ukiufikisha nyumbani hautafika hata upande wa pili. Kabla hujatoa hela mwambie afungue mfuko. Ukunje kidogo, pitisha ukucha kwenye meno yake, usikie uko mkavu na unarudi wenyewe. Ukinata kidoleni au ukitoa unga mrudishie, haijalishi mfuko unang'aa kiasi gani, huo umekaa stoo mpaka umezeeka ukiwa haujafungwa. Kwa sababu hiyohiyo usinunue miwili ukaweka akiba, huo wa akiba utazeeka kabatini.

Ufundi wenyewe sasa. Kama una mkono mtulivu na nusu siku bila wateja unaweza, kama huna mwite fundi ila simama pembeni yake na hili gazeti. Chomoa waya ukutani kabisa, kuzima kwa switchi ya mbele hakutoshi. Skrubu za mashine hizi nyingi ni zile za Torx, zenye ncha ya pembe sita, ukilazimisha bisibisi ya kawaida unazila vichwa na hapo ndo utajuta, tafuta bisibisi zake hazina gharama kubwa. Piga picha kila hatua kwa simu, hasa pale mabomba ya wino yanapopita na pale waya bapa unapoingia kwenye keriji, na skrubu za kila kava weka kwenye kikombe chake maana hazilingani urefu.

Ya kwako keriji imekufa katikati ya karatasi, hiyo ni bahati, inasukumika kwa mkono. Kwa wengine ambao imekufa ikiwa imeegeshwa kule kulia, msiivute kwa nguvu, kule hedi zimefunikwa na kile kituo cha kuzisafisha na kinachofunika kimezishika kwa chini, kituo kishuke kwanza ndo keriji itoke. Ukiivuta kibabe unavunja kituo na hiyo ni spea ya bei nyingine kabisa.

Mkanda unazunguka puli ya mota upande mmoja, upande wa pili kuna puli yenye springi ya kuukaza, na katikati umeshikwa nyuma ya keriji. Ukiibana ile puli ya springi kuja ndani mkanda unalegea na unatoka. Wengi wakifika hapo wanaingiza mpya haraka wafunge, na ndo kosa ninaloliona sana kwenye mashine ninazoletewa baada ya mtu mwingine kuzishika. Angalia puli ya mota kwa tochi. Ile ni puli ndogo yenye mifereji ya kupokea meno ya mkanda, na mpira uliooza umeingia mle kwenye mifereji, umeshindiliwa, umekuwa kama lami, unang'aa kidogo, na kwa haraka unaweza kudhani puli iliumbwa hivyo ikiwa laini. Haikuumbwa hivyo. Chukua kijiti cha meno na mswaki wa zamani wenye spiriti kidogo, toa mfereji mmoja mmoja mpaka uone kona za mfereji zimekaa wazi, zungusha puli kwa kidole uendelee, mzunguko mzima. Usipofanya hivyo meno ya mkanda mpya yanakaa juu ya uchafu badala ya kuingia ndani, mashine ikipiga kasi mkanda unaruka meno, na 86 inarudi ukiwa na mkanda mpya kabisa, mteja anaanza kusema umeuziwa feki.

Puli ya upande wa springi nayo izungushe kwa kidole, ikikwaruza au ikisuasua ibadilishe palepale. Kuna wauzaji wanaouza mkanda pamoja na hiyo puli yake, ukikuta hivyo chukua.

Alafu vumbi la mpira. Limeingia kwenye reli, limeingia kwenye mapito ya karatasi, limeingia chini. Toa yote kwa brashi laini na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usipulize kwa kompresa kama ile ya gereji, utalisukuma liingie ndani zaidi na litafika hadi kwenye hedi. Reli zipanguse mpaka kitambaa kitoke kisafi.

Kuna kitu kingine pale ambacho naomba sana ukiheshimu, utepe mwembamba wa plastiki unaoonekana kama wazi, umetandazwa kutoka kushoto mpaka kulia na unapita ndani ya keriji kwa nyuma. Ukiuangalia karibu kwenye mwanga utaona una ukungu wa kijivu, ule sio uchafu, ni mistari midogo sana imechapwa kwa karibukaribu. Kwenye keriji kuna jicho la kusoma hiyo mistari, ndo mashine inajua sasa hivi nipo wapi. Spiriti usiupake, kuna tepe ambazo spiriti inafuta mistari. Tumia kitambaa laini chenye maji safi kidogo, shika kwa vidole viwili bila kukaza, telezesha mara moja kwenda, kausha. Usiuchomoe ndoano zake kama hakuna ulazima na usiuguse kwa vidole vyenye mafuta. Mistari ikifutika sehemu, keriji ikifika pale inapotea, inaenda kugonga ukuta wa pembeni kwa kasi yote.

Na hapo ndo lilipo jibu la swali lako la vipimo, ambalo nimefurahi umeliuliza maana wenye mashine wengi hawalifikirii. Mkanda kazi yake kuvuta. Anayepima ni ule utepe. Kwa hiyo mkanda mpya hata ukiwa umekazwa tofauti kidogo na wa zamani hauwezi kuirefusha wala kuifupisha ramani kwa upande wa kushoto kwenda kulia, na upande wa urefu wa karatasi unategemea rola inayosukuma karatasi ambayo hukuigusa. Ukibadilisha mkanda na ukaona vipimo vimeyumba usilaumu mkanda, rudi kwenye utepe, umeuchafua au umekaa vibaya.

Ila usiniamini kwa maneno, pima. Kwenye skeli ya 1:100 ukuta wa mita 4 unatakiwa uwe milimita 40 kwenye karatasi, kwenye 1:50 unakuwa milimita 80. Huo ni urefu mdogo, kosa linajificha. Chora mraba wa milimita 500 kwa 500, uprinti, upime pande zote nne na kutoka kona mpaka kona inayoitazama, mara mbili, kwa rula ya chuma, kona kwa kona inatakiwa ikupe kama milimita 707. Zikilingana kona zote mbili mraba wako umenyooka. Na hakikisha kwenye programu umechagua kuchapa kwa asilimia 100, maana ramani nyingi ninazoletewa zikiwa hazipimi sawa zimeharibikia hapo kwenye kompyuta, kuna mahali paliwekwa tiki ya kujibana ili iingie kwenye karatasi, mashine haina hatia.

Kabla hujarudisha kava sukuma keriji kwa mkono, mashine ikiwa bado haina umeme, polepole toka mwisho huu mpaka mwisho ule. Isikwame popote, uzito uwe uleule njia nzima, na mkanda ukae katikati ya puli zote mbili usipande ukingo. Meno yawe yanatazama ndani. Ukiridhika funga, washa, mikono iwe mbali maana inakimbiza keriji yenyewe kujipima. Ikikubali ingia kwenye menyu ufanye upangaji wa hedi, hii usiruke, ndo inayofanya mstari ambao keriji imechapa ikienda na ule iliochapa ikirudi ikutane. Ukiona mistari ya wima inatoka miwili miwili au ina mawimbi ujue hujapanga au ukazaji wa mkanda haujakaa vizuri.

Na hedi zako ziangalie zilivyokaa. Mashine ilisimama katikati hedi zikiwa wazi bila kufunikwa, kwa hiyo wino umekauka kwenye matundu kwa siku zote hizo. DesignJet 500 inatumia hedi namba 11, nne, kila rangi na yake, kwa hiyo ikitokea moja imeziba hata baada ya kusafishwa kwa menyu unabadilisha hiyo moja tu, usikubali kuuziwa zote nne. Wakati unasubiri mkanda zitoe, zifunge kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha pamba chenye unyevu pembeni, kisiguse matundu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nataka kununua plota mtumba ya inchi 24, muuzaji yuko Kariakoo anasema imetoka Ulaya na ni safi. Naiangaliaje kama mkanda ni mzima, na mimi sio fundi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwanza mwombe iwe imezimwa, fungua kioo, mulika tochi ya simu chini ya njia ya keriji na kule kwenye kona mbili. Ukikuta unga au vichembe vya mpira mkanda umeshaanza kuondoka hata kama sasa hivi inachapa vizuri. Gusa mkanda kwa kidole alafu kisugue na kidole gumba, ukinata umeoza. Mashine kutoka Ulaya haimaanishi mkanda ni mzima, imekaa kule miaka, ikaja kwenye kontena lenye joto na unyevu baharini, ikakaa stoo Kariakoo. Ukiipenda mashine yenyewe usiiache kwa sababu hiyo, ila bei ya mkanda mpya na ufundi iondoe kwenye bei yake papo hapo mbele yake. Alafu mwambie awashe, achape ramani kubwa yenye mistari mingi, sio ile karatasi ya majaribio anayokuonyesha imebandikwa ukutani. Kaa uisikilize mwanzo mpaka mwisho. Sauti iwe moja. Ukisikia inagonga mwishoni mwa kila mwendo, hapo kuna kazi, na iwe ya mkanda au ya utepe ni wewe utaigharamia.

SWALI: Naweza kupaka grisi kwenye mkanda wa plota ili usikatike haraka? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Hapana, usipake kitu chochote. Grisi kwenye mkanda inashika vumbi na inafika kwenye ule utepe wa kusoma mahali, na jicho likizibwa na grisi keriji inapotea kama nilivyoeleza hapo juu. Kama mashine inasikika nzito, safisha reli kwanza. Ikibaki nzito, zima, fungua, angalia mkanda kwa tochi kabla hujaendelea na kazi ya mtu.